Michoro ya mapangoni: Jinsi inavyonakiliwa kabla ya kufutika

MKAZI wa Kiembeni, Mombasa, anayetaka kuiona michoro ya kale ya mapangoni hana budi kufunga safari ndefu. Iliyo mashuhuri zaidi Afrika Mashariki iko Kondoa, katikati mwa Tanzania. Humo twiga, tembo na watu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu, kazi inayonasibishwa na wawindaji wa kale. Michoro myeupe, ambayo mara nyingi imepita juu ya ile nyekundu, hunasibishwa na wakulima waliokuja baadaye.

Mnamo 1951, Mary Leakey na mumewe Louis walikaa huko miezi mitatu. Kati ya maeneo 186 waliyoyaona, walinakili michoro ya maeneo 43, jumla ya picha 1,600 hivi. Ilikuwa kazi ya subira. Karatasi angavu ililazwa juu ya jabali, mistari ikafuatwa kwa mkono, kisha nakala ikapunguzwa ukubwa na kutiwa rangi. Kitabu chake, Africa's Vanishing Art, yaani sanaa ya Afrika inayotoweka, kilichapishwa 1983.

Jina hilo si chuku. Jua, maji na moshi huila rangi, na wapo waliochimbua mapango wakisaka hazina wanayoamini ilizikwa na Wajerumani. Hata watalii walioilowesha michoro ili ing'ae pichani waliidhuru.

Lakini suala gumu kuliko yote liko Mongomi wa Kolo. Wenyeji wangali wanatambika pangoni humo, na pombe hurushwa ukutani. UNESCO ilipoitambua Kondoa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, mila hizo hai zilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo anayelinda rangi hawezi kumfukuza mwenye tambiko bila kubomoa sehemu ya urithi wenyewe.

Nchini Kenya, shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na David Coulson, limepiga picha michoro ya nchi nyingi barani. Jumba la Makumbusho la Uingereza lilianza mwaka 2013 kuorodhesha picha zake zipatazo 25,000. Kakapel, kaunti ya Busia, ilitangazwa mnara wa kitaifa 2004.

Siku hizi jabali haliguswi. Programu ya DStretch, aliyoitunga Jon Harman mwaka 2005, hukoleza rangi za picha hata mistari isiyoonekana kwa macho ikajitokeza. Picha hiyo ikiwekwa kando ya nakala ya 1951, mtafiti huona ni mnyama yupi aliyekwisha kupotea.