Figo na Kimo cha Mwenyewe

Bila shaka umepata kumwona mbuzi akichinjwa, na pengine ng'ombe pia. Figo la mbuzi hukaa katika kiganja cha mtoto. La ng'ombe hulijaza bakuli. Hakuna mchinjaji asiyelijua jambo hili. Lakini ilipita miaka mingi kabla matabibu hawajaweza kulipima figo la mtu aliye hai, wakasema, "Hili ni la kadiri yake," ama, "Hili limenywea."

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg katika Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miali ipenyayo mwili, ambayo sisi huiita eksirei. Mifupa ilionekana waziwazi. Figo, kwa kuwa ni nyama, lilibaki kama ukungu. Ndipo mwaka 1929, huko Berlin, Mmarekani kijana aitwaye Moses Swick akafaulu kutumia dawa inayodungwa mshipani, ambayo figo huichuja, nayo hulifanya ling'ae katika picha. Hata hivyo picha ile ilikuwa na hila yake. Weka mkono wako mbele ya koroboi usiku, ukitazame kivuli ukutani: ndivyo figo lilivyoonekana kubwa kuliko lilivyo.

Matabibu wakatafuta rula isiyodanganya, wakaiona mwilini mwenyewe, katika uti wa mgongo. Pingili za kiunoni zimo katika picha ile ile, nazo hukuzwa pamoja na figo. Figo zima la mtu mzima hupata urefu wa pingili tatu na nusu hivi. Mimi naiona kuwa ni akili ya kupendeza sana, kwani mtu mrefu ana pingili ndefu, na mfupi ana fupi, basi kila mmoja hupimwa kwa mwili wake.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumbo zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti. Katika picha za namna hiyo figo halikuzwi. Husomwa kwa sentimeta. Lakini je, sentimeta ngapi zatosha? Mwaka 1993 yalitangazwa majibu kutoka Copenhagen, walikopimwa watu wazima 665. Kipimo cha katikati kilikuwa sentimeta 11.2 kwa figo la kushoto, na 10.9 kwa la kulia. Urefu wa figo ulifuatana zaidi na kimo cha mtu. Ujazo wake ukafuatana na eneo la ngozi ya mwili. Na eneo hilo hupatikanaje? Kwa kanuni ya akina Du Bois wa New York, ya mwaka 1916, iliyotokana na miili ya watu 9 tu!

Sasa tuje Eldoret, ambako hospitali ndogo iliyoanza mwaka 1917 imekuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Fikiri wamekuja wagonjwa wawili: kijana mkimbiaji, mwembamba, mrefu kama mlingoti, na bibi mzee wa kimo kifupi. Kila mmoja ana mafigo ya sentimeta 9. Kwa yule bibi yamkini hapana ubaya, maana mafigo hupungua pia kwa uzee. Kwa kijana ni habari nyingine: mafigo yaliyonywea yote mawili mara nyingi ni alama ya ugonjwa wa siku nyingi, ambao hauponyeki tena, na tabibu akiisoma hivyo, matibabu yote hugeuka. Akimhesabu kijana kama bibi, atamrudisha nyumbani na ugonjwa wake. Akimhesabu bibi kama kijana, atamtia hofu ya bure. Wala watu 665 wa Copenhagen hawakuzaliwa katika nyanda za Uasin Gishu, wala wale 9 wa New York. Kwa hiyo kabla ya kuisoma picha, tabibu humsimamisha mgonjwa penye ukuta, bila viatu, akaandika kimo chake.