Mwenye Nyumba ya Karata

Wasikilizaji, mtu aketiye ufukoni mwa Ziwa Viktoria usiku wa mbalamwezi, karibu na mwalo wa wavuvi, ataona kwamba mitumbwi ya dagaa imevutwa nchi kavu na taa zimezimwa. Sababu yake yajulikana na kila mtoto wa Mwanza: dagaa hufuata mwanga wa taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu tena. Basi kwa siku kadhaa za kila mwezi wavuvi hawana kazi, na mifukoni mwao zimo fedha za giza lililopita. Hapo ndipo jozi ya karata hutolewa.

Habari za wachezaji zimekwisha kusemwa sana, na aghalabu kwa kuwalaumu. Mimi nataka kueleza habari za mtu mwingine, ambaye pengine hashiki karata hata moja usiku kucha. Yeye ameleta meza, taa, chai na mlango wenye komeo. Huyo ndiye mwenye nyumba.

Karata si ngeni katika nchi hizi. Majina ya aina zake nne, yaani kopa, uru, pau na shupaza, ni maneno ya Kireno, nayo ni masalio ya enzi ya Wareno pwani. Neno kamari lenyewe ni la Kiarabu. Lakini nyumba ya karata yenye faida yahitaji kitu kingine zaidi ya karata, nacho ni sarafu ndogo. Mtu aweza kuweka mbuzi dau, walakini mwenye nyumba hawezi kukata sehemu ya ishirini ya mbuzi aliye hai! Sarafu hizo zilikuja ziwani kwa njia nyingi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na neno letu hela ni jina la sarafu yao. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha meli za moshi zikaiunganisha bandari hiyo na Mwanza. Shilingi ilishika mahali pa rupia mwaka 1921. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na katika miaka iliyofuata kukawa na dhahabu ya Geita, pamoja na pamba ya Usukuma iliyoleta fedha nyingi kwa msimu mmoja. Hata mchezo wa poka, ambao Wamarekani waliueneza katika karne ya 19, ulisafiri kwa namna hiyo hiyo: ulipanda na kushuka mto Mississippi pamoja na meli za moshi, mahali walipokutana watu wasiojuana, wenye fedha na wasio na kazi hata meli itie nanga.

Sasa tutazame hesabu ya mwenye nyumba, maana watu wengi hawaifanyi. Tuseme watu sita wameketi, kila mmoja ana shilingi 20. Jumla ni shilingi 120. Katika kila duru madau yaliyo katikati yafika shilingi 10, na mwenye nyumba huchukua senti 50 tu kutoka kwa mshindi. Mshindi hanung'uniki, kwa kuwa amefurahi. Lakini zikichezwa duru 20 kwa saa, mwenye nyumba amepata shilingi 10 kwa saa. Wakianza saa mbili usiku na kuondoka saa nane, ana shilingi 60, yaani nusu ya fedha zote zilizoingia mlangoni. Wale sita wataondoka wakishutumiana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemla, wala hakuna atakayemtazama yule aliyekuwa akimimina chai.

Sheria, hata hivyo, ilimtazama yeye tangu zamani. Mwaka 1854 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya nyumba za kamari, iliyomshika mwenye nyumba, na mpangaji, na kila asaidiaye kuiendesha kazi hiyo. Mwaka 1884 ililetwa mbele ya majaji wa London kesi ya klabu moja ya mabwana wakubwa, ambamo mchezo wa bakara ulichezwa kwa fedha nyingi. Watu walidhani klabu ya waungwana haiwezi kuitwa nyumba ya kamari. Majaji wakasema yaweza. Mwenye klabu na wale wa halmashauri yake walibaki na hatia, bali waliokuwa wakicheza tu hawakuhesabiwa kuwa waendeshaji. India nayo ilipata sheria yake mwaka 1867. Hiyo ilieleza kwamba nyumba ya kamari ni ile ambamo karata au dadu huwekwa kwa faida ya mwenyewe, ikiwa atoza kodi ya meza au apata kwa njia nyingine yo yote. Tena karata zikikutwa katika upekuzi huwa ushahidi juu yake.

Msikilizaji atauliza, Mwanza ina nini na mambo ya London? Mwaka 1930 Tanganyika ilipata Kanuni ya Adhabu, na maneno yake kuhusu nyumba za kamari yalifuata yale ya Kiingereza ya mwaka 1854. Mchezo usio halali ulielezwa kuwa ule ambao bahati zake si sawa kwa wote, pamoja na yule ausimamiaye. Kwa maoni yangu hapo ndipo senti 50 zile zinapoharibu mambo. Marafiki sita wachezao bila mtu kukata kitu wana bahati sawa. Wakiongeza mtu wa saba asiyeweza kupoteza, usawa umekwisha.

Tena Kanuni hiyo hiyo ilimhesabu kuwa mvivu na mkorofi mtu achezaye kwa fedha mchezo wa bahati mahali pa watu wote. Tazameni basi lililotokea. Mchezaji alifukuzwa chini ya mwembe na ufukoni, akatafuta chumba. Na kwa kuwa alitafuta chumba, chumba kikawa na bei. Sheria yenyewe ndiyo iliyompa mwenye nyumba kitu cha kuuza, kisha ikamtwika mzigo ulio mzito kuliko wa mteja wake.

Liko na jambo la deni. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika tangu 1920, ilisema kwamba mapatano ya kamari ni batili, na ushindi wake haudaiwi mahakamani. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilirithi kanuni hiyo. Mvuvi akishindwa, akaahidi kulipa giza lijalo, aliyeshinda hana hakimu wa kumwendea. Atamwendea mwenye nyumba, aliyewaita wote wawili na kuwadhamini kwa maneno yake. Nyavu zikishikwa, au kisu kikitolewa, ni nyumbani kwake. Naye hawezi kumwita askari bila kujieleza kwanza jozi ile ya karata ni ya nani.

Baada ya uhuru Serikali ilishika njia ya vibali. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya bahati nasibu, na mwaka 2003 Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ikaunda Bodi ya kuvisimamia vibali hivyo. Tangu hapo apendaye kuendesha michezo hiyo kwa faida aweza kufanya hivyo mchana kweupe, akiomba kibali, akilipa ada na kodi. Mwenye chumba cha uani karibu na mwalo hapati faida ya kutosha kulipa ada hizo, wala chumba chake hakifanani na kasino. Kwa hiyo huendelea kama walivyofanya wa kabla yake: hufunga komeo, huwasha taa, na kuhesabu siku zilizosalia kabla mwezi haujapungua na wateja wake kurudi majini.