Mlango wa Daladala na Magoti ya Mzee

Mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria mbili kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Moja ilishughulikia matunzo yao. Nyingine ilihusu ajira, nayo ilimtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na kuendelea ahakikishe kwamba asilimia 2 kati yao ni watu wenye ulemavu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na sheria hizo zikafuata mwaka mmoja baadaye. Kisha ukaja mwaka 1983, na serikali ileile ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria wa mjini Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu aliyepewa haki ya kazi kiwandani alitakiwa afike huko kwa gari lenye mlango mwembamba, ngazi ya juu, na konda ambaye kila sekunde ya kusimama kituoni ilimpunguzia riziki.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kampuni ya DMT ilianza kusafirisha watu jijini mwaka 1949, chini ya utawala wa Mwingereza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 njia kuu za uchumi ziliingia mikononi mwa umma, na zamu ya DMT ikafika mwaka 1970. Mwaka 1974 shirika likagawanywa: KAMATA likachukua safari za mikoani, na Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likabaki na mji. Wakazi wa zamani wanayakumbuka mabasi yake ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati na milango kadhaa mipana. Nayo yalikuwa na ngazi za kupanda, na mzee mwenye magoti mabovu hakuzipenda. Lakini mlango mpana humruhusu mtu kushika chuma kwa mkono mmoja na mkono wa jirani kwa mwingine. Tena konda wa UDA alikuwa mwajiriwa wa shirika, mwenye mshahara wa mwezi. Mzee akichukua dakika nzima kupanda, chakula cha konda hakikupungua.

UDA haikuanguka kwa siku moja. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, na basi lililoharibika likakaa karakana kwa kukosa kipuri. Huku nyuma mji ulikuwa unafura: sensa ya 1978 ilihesabu zaidi ya watu 840,000 katika mkoa wa Dar es Salaam. Vituoni watu walisubiri kwa saa nyingi, na basi lilipotokea, aliyepanda ni mwenye mabega. Magari ya watu binafsi, yaliyotoza thumni kwa safari, yaliwahi kuziba pengo hilo bila kibali. Yakaja pia yale yaliyoitwa chai maharage: magari ya mizigo yaliyowekwa mabenchi, abiria wakakaa wakitazamana. Kupanda chai maharage kulihitaji kunyanyua mguu juu sana na kuvutwa na aliyetangulia. Mtu aliyeshindwa alibaki kituoni.

Halafu zikaja daladala, yale magari yaliyoruhusiwa mwaka 1983, kwa nauli ya shilingi 5. Katika miaka ya 1990, baada ya biashara ya nje kulegezwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yaliingia kwa wingi: Hiace ambazo mji uliziita vipanya, kisha Coaster. Usafiri ukapatikana. Hilo ni jambo kubwa na halipaswi kupuuzwa, kwa sababu hata bibi wa Mbagala aliyekuwa hafiki hospitali ya Muhimbili sasa aliweza kufika. Ila alifika kwa masharti ya hesabu.

Hesabu ndiyo moyo wa jambo lote. Dereva na konda wengi hawana mshahara wala mkataba. Kila siku wanampelekea mwenye gari kiasi alichokitaja, wanaweka mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu usafiri wa jiji hili, ameonyesha kwa kina jinsi mpango huo unavyozaa mwendo wa kasi, kujaza gari kupita kiasi na saa nyingi za kazi. Wanafunzi waliujua ukweli huo mapema, kwani kwa kulipa nauli pungufu walizuiwa mlangoni mchana kweupe. Mzee analipa nauli kamili, lakini analipa pia kwa muda. Sekunde anazotumia kutafuta chuma cha kushika ndizo ambazo gari la nyuma linapita na kuzoa abiria wa kituo kinachofuata. Kijana aliyening'inia mlangoni akigonga bodi gari liondoke huku mguu wa bibi uko hewani si lazima awe mtoto aliyekosa malezi. Anafanya kazi ambayo malipo yake yamepangwa hivyo.

Abiria nao walibuni njia zao. Jioni pale Posta au Kariakoo, ambako wenye nguvu huingia kwa madirisha, watu wazima walijifunza kugeuza nalo: unalipanda gari kabla halijafika mwisho wa njia, unakaa, linageuza, unalipa nauli mara mbili. Kiti kinapatikana bila kugombania. Kwa mwenye maumivu ya mgongo ni nafuu kubwa, na ni kodi ya magoti ambayo haikupitishwa na bunge lolote.

Ndani ya gari sheria ni nyingine. Kijana humwamkia mzee shikamoo na kumpisha akae, na asipofanya hivyo sauti zitatoka nyuma kumwuliza kama kwao hakuna wazazi. Konda yuleyule aliyekuwa anaharakisha watu humpigia dereva kelele asubiri kwa sababu mtu mzima anashuka. Desturi hii imebeba mzigo mzito kwa miaka mingi, na inastahili heshima. Lakini humsaidia aliyekwisha kuingia. Aliyeachwa kituoni haoni faida yake, na mwenye ugonjwa usioonekana, kama moyo au kifafa, hupata shida kuomba kiti mbele ya macho ya watu wote.

Kuna jambo moja ambalo daladala ilifanya vizuri bila kukusudia. Kwa asiyeona, maandishi ya njia kwenye kioo cha mbele na mstari wa rangi ubavuni ni kama havipo. Kinachomfikisha ni koo la mpiga debe: Mwenge, Posta, Kariakoo, Gongo la Mboto! Mtu mwenye fimbo nyeupe husimama kituoni na kulijua gari lake kwa sikio, na konda humtajia kituo chake njiani. Mzee asiyejua kusoma hufaidika vilevile. Asiyesikia, kwa upande mwingine, hubaki na maandishi tu, na gari likibadili njia kwa tangazo la mdomo hupelekwa asikokwenda. Anayetumia kiti mwendo ndiye aliyesahauliwa kabisa: mara nyingi kiti chake huhesabiwa kuwa mzigo na kutozwa, kama gari litasimama.

Nairobi ilipitia njia inayofanana. Agizo la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 liliziruhusu matatu, yaani daladala za huko, kufanya kazi bila leseni ya usafirishaji. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilipiga marufuku abiria kusimama ndani ya gari, na mzee aliyeingia akawa na uhakika wa kiti. Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwenda mbali zaidi: iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe. Barabarani, ngazi za matatu zilibaki zilezile.

Tanzania iliandika sera ya wazee mwaka 2003 na sera ya watu wenye ulemavu mwaka 2004, ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009, ikatunga sheria mpya mwaka 2010. Miaka sita baadaye kikaja kitu cha kushikika. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni, na vituo vyake vikajengwa kwa sakafu iliyoinuliwa kulingana na sakafu ya basi. Njia ya mteremko badala ya ngazi, kisha hatua moja ya tambarare. Mwenye kiti mwendo aliweza kuingia bila kubebwa. Ni kweli kwamba vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo lazima uvuke magari kwanza, na msongamano wa asubuhi umemrudisha mwenye mabega kwenye enzi yake. Hata hivyo hoja ya kwamba basi la kumfaa kila mtu haliwezekani katika nchi hii ilikwisha siku ile.

Nje ya njia za mabasi hayo, wenye fedha za ziada hukodi bajaji, ambayo sakafu yake iko chini na dereva wake, mara nyingine, ni mtu mwenye ulemavu aliyejiajiri. Wengine wote wanasubiri Coaster, gari ambalo ngazi yake imebaki kama ilivyotoka kiwandani Japani. Mamlaka ya usafiri wa ardhini hupanga njia ya daladala, nauli yake, rangi ya mstari wake na sare ya konda wake. Kimo cha ngazi ya kwanza kutoka ardhini, na chuma cha kushika pembeni mwa mlango, vinaweza kuandikwa katika masharti hayohayo, na mkaguzi akavipima kwa futi ya fundi kabla ya kutoa leseni.