Makaburi ya familia na ya mashujaa: nani anayatunza?

Katika vijiji vya Mugeta, wilayani Bunda, kama ilivyo sehemu nyingi za mkoa wa Mara, marehemu huzikwa nyumbani, kwenye eneo la familia. Wanaolitunza kaburi ni wale wanaoishi hapo. Askari aliyefia vitani ana hali tofauti: huenda amelazwa mbali, mahali ambapo ndugu zake hawajawahi kufika.

Kaburi la nyumbani

Udongo wa kaburi jipya hutitia mvua zinaponyesha, ndiyo maana familia nyingi husubiri kabla ya kulijengea. Likishajengewa, kazi haijaisha. Nyasi zifyekwe, nyufa za saruji zizibwe mapema, na miche inayoota pembeni ing'olewe kabla mizizi haijainua saruji. Jina na tarehe vikichorwa saruji ikiwa mbichi hudumu kuliko rangi.

Hatari kubwa zaidi ni ardhi kubadili mikono. Shamba likigawanywa au kuuzwa, kaburi lisilo na alama hulimwa juu yake. Inafaa mkataba wa mauzo utaje makaburi yaliyopo na haki ya familia kuyafikia, mbele ya viongozi wa kijiji. Serikali inapohitaji eneo kwa manufaa ya umma, hufuata Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka taarifa itolewe kwanza na gharama za kuhamisha zizingatiwe. Kuvunjia heshima kaburi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Kaburi la askari

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, vijana kutoka mikoa mbalimbali walikwenda vitani. Wengi wa waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, chini ya uangalizi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Huko Naliendele, Mtwara, wamezikwa askari waliofia katika ukombozi wa Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka kwa gwaride na kwa kuweka silaha za jadi kwenye mnara: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime.

Kutoka Mugeta, safari ya barabara kwenda Kaboya huzunguka ziwa kupitia Mwanza na Geita. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Hata hivyo nauli bado ni mzigo, na kwa familia nyingi kaburi la mtoto wao linabaki mikononi mwa jeshi.

Amiri Jeshi Mkuu wa vita hivyo, Mwalimu Nyerere, alizikwa Oktoba 1999 Mwitongo, Butiama, nyumbani kwao, kama wazee wengine wa Mara.

Wasio na kaburi

Wapo pia waliopotea kabisa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waafrika wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliofia jeshi la Uingereza hawakuandikwa majina popote, ilhali wenzao wazungu walipewa mawe yenye majina, na iliomba radhi.

Fundisho lake kwa familia ni kwamba kaburi huanza kupotea pale jina linapoacha kuandikwa. Kwa hiyo, wakati wazee wanaokumbuka wangali hai, andikeni kwenye daftari la ukoo jina kamili la kila marehemu, mwaka aliofariki na mahali alipolazwa. Kwa askari, ongezeni namba yake ya jeshi na kikosi chake, kwani hivyo ndivyo vitakavyomwezesha mjukuu kumtafuta babu yake miongoni mwa safu za makaburi.