Tarehe ya Waunda Ndege wa Nyumbani, na Haki ya Pietenpol

Hii ni tarehe ya mafundi walioziunda ndege nyumbani kwao kwa kufuata michoro. Nimeiandika kwa kuwa wengi humtaja Henri Mignet wa Ufaransa kuwa ndiye shina la ukoo huu, na shina ni Bernard Pietenpol wa Cherry Grove.

Kabla yake alikuwapo Santos-Dumont, Mbrazili wa Paris, ambaye michoro ya ndege yake, Demoiselle, ilichapishwa Marekani mwaka 1910. Mignet naye alirusha ndege yake, Pou-du-Ciel, mwaka 1933. Ikawaua watu kadhaa, ikapigwa marufuku.

Pietenpol alizaliwa mwaka 1901. Cherry Grove ni kijiji cha wakulima, kusini mwa Minnesota, naye alikuwa fundi magari aliyejifunza mwenyewe. Injini za ndege ziliwashinda watu wa kijijini kwa bei, basi akageukia za magari. Alianza na ya Ford Model T, ikawa dhaifu. Ford ilipotoa Model A, yenye nguvu farasi 40 hivi, akapata alichokitaka. Aliigeuza nyuma mbele, pangaboi likafungwa upande wa flaiwili. Rejeta aliisimamisha juu ya injini, mbele kabisa ya macho ya rubani, na rubani huchungulia pembeni yake mpaka leo. Mwili na bawa ni mbao, plaiwudi na gundi, juu yake kitambaa. Bawa ni moja, liko juu ya vichwa, na viti ni viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ndiyo Air Camper.

Hapa sharti nisimulie kisa cha Weston Farmer, maana ndicho kinachokata shauri. Farmer alikuwa mhariri wa jarida la Modern Mechanics, na alikwisha kuandika kwamba injini ya gari haifai kurusha ndege. Pietenpol hakubishana naye kwa maneno. Mwaka 1930, wazee wa kazi hii wasimulia, yeye na mwenzake walirusha ndege mbili, zote za injini ya Ford, hadi kiwanja cha Robbinsdale karibu na Minneapolis, Farmer akajionee. Ndege moja ingeitwa bahati. Mbili ni ushahidi. Farmer, na hili nampa sifa yake, alikubali ameshindwa akaichapisha michoro: ikatoka katika kitabu cha Flying and Glider Manual cha mwaka 1932. Mwaka huo Pou-du-Ciel ilikuwa bado haijaruka.

Waliofuata ni wengi. Paul Poberezny aliasisi EAA, chama cha waunda ndege, mwaka 1953 huko Milwaukee. Burt Rutan alileta povu gumu na nyuzi za kioo badala ya mbao.

Wapo wanaowalaumu waundaji wanaotia injini ya Chevrolet Corvair katika Air Camper, wakidai wameivunja asili. Lawama hiyo haina msingi. Miaka ya 1960 Pietenpol mwenyewe aliifunga Corvair katika ndege yake, akairusha, kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko ya Ford na yenye nguvu zaidi. Alifariki mwaka 1984. Banda lake la ndege lilihamishiwa Oshkosh, Wisconsin, na ukoo wake uliendelea kuuza michoro ileile.