Xian Zhang: Aliambiwa Mikono Yake ni Midogo kwa Piano, Sasa Anaongoza Okestra Nzima

Ukisikia neno kondakta, najua akili yako imekimbia kwa mathree, msee ananing'inia mlangoni akidai fare. Tulia kwanza. Kondakta wa leo ni ule mwingine, anayesimama mbele ya watu kama themanini hivi wenye violin, ngoma na tarumbeta, akiwa na kijiti mkononi. Hapigi chombo chochote, lakini yeye ndiye anaamua mwendo, nani aingie lini na nani apunguze kelele.

Xian Zhang alizaliwa 1973 huko Dandong, mji wa Uchina ulio mpakani kabisa na Korea Kaskazini. Hizo enzi Mapinduzi ya Kitamaduni yalikuwa bado hayajaisha, na muziki wa kizungu ulikuwa unaonekana kama mambo ya adui. Kupata piano ilikuwa noma. Unajua buda yake alifanya nini? Alitafuta spea, akaiunda mwenyewe. Mathe naye akawa mwalimu wa kwanza.

Akiwa bado mtoi alienda Beijing kusomea muziki, na ndoto ilikuwa moja tu: kuwa mpiga piano. Halafu akaambiwa mikono yake ni midogo sana. Hii si matusi, manze. Kuna nyimbo, kama zile za Rachmaninoff, ambazo vidole lazima vitanuke vifike noti zilizo mbali, na hiyo si kitu utaenda gym urekebishe. Imagine umesota na kitu tangu utotoni halafu mwili wenyewe unakataa.

Akageukia kuongoza okestra. Piano haikupotea bure, kwa sababu mpiga piano huzoea kusoma mistari kadhaa ya muziki kwa wakati mmoja, na kondakta husoma mistari ya kila chombo kwa ukurasa mmoja. Mwalimu wake, mwanamke pia, ndiye alimsukuma jukwaani ghafla kuongoza opera ya Mozart, The Marriage of Figaro, pale Beijing. Hakuwa amefikisha hata miaka 21.

1998 akahamia Marekani. Mwaka wa 2002 akashinda shindano la Maazel-Vilar, pamoja na Bundit Ungrangsee wa Thailand. Lorin Maazel mwenyewe, aliyekuwa bosi wa New York Philharmonic, akampa kazi ya usaidizi. Usidharau hiyo mboka: msaidizi anajifunza programu yote, halafu anakaa standby, bosi akiugua ni yeye.

Kutoka hapo mambo yakashika. 2009 alipewa okestra ya Giuseppe Verdi kule Milan, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya simfoni nchini Italia. Hao ndio wenye opera yao, na kiti wakampa mama kutoka Dandong! 2016 akachukua New Jersey Symphony, na 2025 akaingia Seattle Symphony, bado kama mwanamke wa kwanza kwa hicho kiti.

Kama hujawahi sikiza okestra, anza na albamu Letters for the Future, yeye akiongoza Philadelphia Orchestra nyuma ya kundi la Time for Three. Hiyo ilibeba Grammy 2023. Weka earphones, maana spika ya simu itakunyima nusu ya mambo.