Machozi ya Nyati wa Tsavo

Marehemu baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe hapa Changamwe, Mombasa. Mifugo ilitoka Garissa, Tana River na ranchi za Taita zinazopakana na Tsavo. Akimkagua ng'ombe alianzia machoni: akiona machozi mazito yaliyogandia kwenye manyoya, hamnunui. Woga huo aliurithi kwa wazee waliohadithiwa ugonjwa wa virusi wa sotoka wa miaka ya 1890, uliofyeka ng'ombe na nyati kutoka Eritrea hadi kusini mwa Afrika. Wapo wataalamu wanaosema simba wa Tsavo waliwageukia wajenzi wa reli mwaka 1898 kwa sababu nyati walikuwa wamekwisha.

Sotoka iliyozuka Tsavo mwaka 1994 ilimshinda hata baba. Ng'ombe waliugua kidogo tu wakapona; macho yao hayakuonyesha kitu. Waliokufa ni nyati, pofu na tandala wadogo. Tandala walipofuka kwanza, wakawa wanatangatanga. Zaidi ya nusu ya nyati wa huko inakadiriwa walipotea. Uchungu wangu ni kwamba chanjo ilikuwepo: daktari wa mifugo Walter Plowright aliikamilisha Muguga, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichokosekana ni kujua mapema virusi viko wapi. Sampuli ilipelekwa maabara ikiwa kwenye barafu, na majibu yakirudi, mifugo imeshahama.

Ndipo watafiti wa Pirbright, Uingereza, wakabuni kipimo cha zizini, wakakitangaza mwaka 1999. Daktari anapitisha pamba kwenye jicho la mnyama, anaisuuza ndani ya dawa, kisha anadondosha matone kwenye kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, mfano wa kile cha kupimia mimba. Dawa inapanda kwenye utepe wenye kingamwili; virusi vikiwemo, mstari unajitokeza baada ya dakika chache. Tanzania nayo ilikijaribu.

Mimi nakipa kipimo kile heshima sawa na chanjo. Kisa cha mwisho cha sotoka kilithibitishwa kwa nyati wa Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa.

Lakini jamaa yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, bado ipo. Mwaka 2017 iliua maelfu ya swala wa saiga huko Mongolia. Mbuzi tunaowachinja Changamwe na Likoni hutoka minada ileile ya Garissa na Taita. Nawaomba wakuu wa mifugo wa Pwani: wapeni maafisa wa minadani vipimo vya haraka sasa, kabla ugonjwa haujawafikia swala wa Tsavo.